Mafundo ya Mkono wa Kushoto

Mimi nafunga mizigo. Siuzi, sibebi; nafunga. Lori likishapakiwa magunia mpaka likawa kama mjamzito wa miezi tisa, ndipo ninapoitwa na turubai langu na kamba zangu, na kabla sijasema "tayari" hakuna dereva anayethubutu kuwasha injini. Wapo wanaocheka wakimwona mwanamke kasimama juu ya magunia. Wacheke, meno ni yao. Kwa miaka kumi na tisa hakuna gunia langu lililowahi kuanguka njiani, na sababu ya jambo hilo ndiyo inayonifanya niseme haya leo.

Kazi yenyewe mtoto anaweza kuielewa. Unarusha kamba juu ya mzigo kutoka ubavu mmoja wa lori hadi wa pili. Usawa wa kifua unapiga kitanzi katikati ya kamba, ncha unaipitisha kwenye ndoano iliyo chini ya bodi, unairudisha juu, unaipenyeza kwenye kitanzi, halafu unajitupa nayo chini kwa uzito wote Mungu aliokupa. Mzigo unanywea. Unabana, unapiga mafundo mawili ya kuzuia, unahamia ndoano inayofuata. Ndoano ziko kumi na mbili kila upande. Ukishaifanya kazi hii miaka mingi, fundo lako linakuwa kama mwandiko wako. Nipelekee malori ishirini nami nitakuonyesha lipi kafunga nani, na yupi kati yao aligombana na mkewe asubuhi.

Mdogo wangu wa kiume tulimwita Shoto, kwa kuwa kila kitu alikifanya kwa mkono wa kushoto, hata kumpungia mtu. Nilimfundisha kazi mimi mwenyewe, akanishinda ndani ya mwaka mmoja, na hakuacha kunikumbusha. Vitanzi vyangu hugeukia kulia. Vyake viligeukia kushoto, sawasawa na uso wako unapojiangalia kwenye kioo. Katika yadi nzima hakukuwa na mwingine aliyefunga hivyo.

Sasa nifike kwenye lililo gumu, tena nilitoe moja kwa moja maana nikizungukazunguka sitalitoa.

Miaka minane iliyopita nilisahau kamba nje. Tulikuwa tumechelewa kufunga kazi, kila mtu alitaka kwenda zake, nikaziacha kamba za lori la kesho juu ya pipa badala ya kuziingiza stoo. Mvua ikanyesha usiku kucha. Kamba zetu ni za katani, kwa kuwa tajiri wetu ana mkono wa birika na nailoni kwake ni anasa. Na katani ikilowa hunywea. Ukiifunga hivyo inakaza mpaka inalia kama ngoma, unajisifu. Jua likiipiga, inakauka na kulegea, na mzigo unaanza kucheza. Hili linajulikana na kila mfunga mizigo duniani. Kamba mbichi haifungwi. Unasubiri ikauke au unaenda kuomba kavu kwa wenzako.

Mimi sikusubiri wala sikuomba. Tajiri alikuwa anafoka, nami niliona aibu kusema nimezisahau nje. Nikafunga. Siku hiyo utingo wa lori alikuwa anaumwa, Shoto akachukua nafasi yake. Alipita akizigusa kamba zangu, moja, ya pili, ya tatu. Akanitazama, akacheka kidogo puani, akapanda.

Dereva alikuwa Mzee Breki. Jina hilo alipewa kwa sababu kuku akiwa tu na mawazo ya kuvuka barabara, yeye keshakanyaga breki. Aliniapia, akawaapia polisi, kwamba ilikuwa hivi: walipomaliza mteremko mkali alisimamisha lori karibu na daraja dogo ili magurudumu yapoe, kama anavyofanya siku zote. Shoto alisema kamba za upande wa kulia zimelegea, anashuka kuzikaza. Mzee Breki akaegemeza kichwa kwenye usukani. Alipoamka, kamba zote kumi na mbili za kulia zilikuwa zimefungwa upya kwa vitanzi vya kushoto, vizuri kuliko vyangu, na Shoto hayupo. Chini ya daraja mto ulikuwa umefurika. Walimtafuta wiki tatu, huko mbali mto unakoelekea, kwa sababu kila mtu alisema maji yamempeleka. Hawakupata hata kiatu.

Mzigo ulifika salama. Habari za kamba mbichi sikumwambia mtu.

Mama alitukataza kukaa matanga. "Nimlilie nani?" aliuliza. "Nionyesheni nimlilie." Kila jioni kwa miaka minane aliniuliza swali lilelile nikivua viatu mlangoni: "Ndugu yako hajarudi?" Nami nilijibu hajarudi, kama kwamba alikwenda dukani. Mwaka huu macho yake yaliisha kabisa, figo nazo zikachoka, na daktari akanivuta pembeni akaniambia kwa sauti ya chini kwamba sasa tuhesabu siku tu. Mama mdogo akahamia kwetu kumuuguza. Mimi nilitaka kitu kimoja tu: nijue mwanawe alipo kabla hajafumba macho, na nimwambie ni mimi niliyempeleka huko.

Basi mwezi huohuo yakaanza.

Lori la Mzee Breki lilirudishwa na mzigo wake mzima, kwa kuwa huko linakokwenda ghala lilikuwa limejaa. Nikaenda kulifungua. Ndoano ya kwanza, ya pili, hamna shida. Ya tatu upande wa kulia, vidole vyangu vikakwama. Nilivuta ncha pale inapovutwa siku zote, na ncha haikuwepo. Ilikuwa upande wa pili. Kitanzi kilikuwa kimegeukia kushoto.

Na kamba ilikuwa imelowa. Sisemi unyevu wa umande, ukiiminya inachuruzika. Kamba nyingine zote zilikuwa kavu, zinachoma viganja, na mvua tulikuwa hatujaiona kwa miezi miwili.

"Mmepita kwenye maji?" nilimuuliza Mzee Breki.

"Maji gani, dada? Barabara nzima ni vumbi, mpaka mate yangu ni matope."

"Nani amefunga hii?"

Alinitazama kwa muda mrefu kuliko swali lilivyostahili. "Zote umefunga wewe," alisema, akaenda kutafuta chai.

Nikajipa moyo. Nikasema labda ni utani wa wapakiaji, ingawa wapakiaji wetu hata kamba za viatu vyao zinawashinda. Safari iliyofuata nilimwomba Mzee Breki anipigie simu akifika. Akapiga. Mafundo ya kushoto yalikuwa matatu. Safari ya baada ya hapo, saba. Kila mara upande wa kulia, kila mara yamelowa. Mzee Breki aliyasema hayo bila kutia chumvi, yeye ambaye hawezi kukusimulia habari ya pancha bila kuongeza simba.

Nilianza kufunga huku nikihesabu kwa sauti. Nilimaliza upande wa kulia, nikarudi nyuma kukagua, nikaviona vitanzi vyangu vimegeukia kulia kama inavyopaswa, nikasema tayari. Bado simu ilipigwa, ikasema tisa.

Ndipo nilipopiga moyo konde. Nilimwambia tajiri nasafiri na mzigo wangu, akipenda akate siku hizo kwenye mshahara. Nilimwambia mama narudi kesho.

"Unakwenda kumchukua?" aliuliza.

Nikasema ndiyo.

Tuliondoka asubuhi jua likiwa limekwisha kupanda. Sikuyaondoa macho kwenye kioo cha ubavuni. Nilikuwa naona kamba saba kati ya kumi na mbili, na kila tuliposimama nilishuka nikazikagua zote, nikazipigapiga kwa kiganja. Zilikuwa zangu, kavu, zimekaza. Mzee Breki alikuwa ananitania, anasema nimekuwa kama mama mkwe siku ya kwanza, sipitwi na kitu. Nilicheka. Nakumbuka vizuri kwamba nilicheka, kwa kuwa ndilo jambo la mwisho ninalolikumbuka kabla ya daraja.

Tulimaliza mteremko. Akasimamisha lori palepale. Mto ulikuwa mwembamba, unapita katikati ya mawe bila kelele, na majani kando ya barabara yalikuwa yamekauka. Nilishuka. Nikaenda hadi ndoano ya tatu ya kulia, nikaiangalia. Kitanzi changu. Kivuli cha lori kilikuwa upande wangu, kimefunika miguu yangu.

Halafu nilikuwa nimekaa ndani ya lori na tunatembea.

Sikulala, mtu aliyelala huamka. Hapa hakukuwa na kuamka. Nilikuwa naangalia ndoano, kisha nikawa naangalia barabara. Jua lilikuwa limehamia kioo cha mbele. Mzee Breki ameushika usukani kwa mikono miwili kama anayejifunza kuendesha, hasemi, hatanii, na jasho linamtoka kwenye masikio. Nilimuuliza saa ngapi. Akazidi kuubana usukani. Mkono wangu wa kushoto ulikuwa unauma.

Kwenye mizani nilishuka kabla lori halijasimama vizuri. Kamba zote kumi na mbili za kulia zilikuwa zinadondosha maji kwenye lami, tone baada ya tone, na vitanzi vyote kumi na viwili vilikuwa vimegeukia kushoto.

"Mzee Breki, nani kagusa kamba zangu?"

Alikohoa. "Dada, usinifanyie hivyo."

"Nimekuuliza."

"Wewe."

"Mimi?"

"Ulizifungua moja moja ukazifunga upya. Kwa mkono huo." Alinyoosha kidole kuelekea mkono wangu wa kushoto, lakini hakuusogelea. "Saa nzima. Nilikuita mara tatu. Mara ya tatu ukaniitikia."

"Nikasema nini?"

Aliangalia huku na huku, kama kwamba watu wa mizani wangejali. "Ukasema, 'Tulia mzee, dada kafunga kamba mbichi, nazikaza tu, naja.'"

Kamba mbichi tulizijua watu wawili tu, na mmoja wao ni mimi.

"Kwa sauti yake?" nilimuuliza.

"Kwa sauti yako. Ndiyo maana niliogopa."

Kisha yote yakamtoka, kama mtu aliyekuwa ameyabana mdomoni mwezi mzima. Kwamba hata yadini wananiona. Namaliza kufunga kwa kulia, nakagua, nasema tayari, kisha dereva anapokwenda kuchukua karatasi zake mimi narudi na kufunga upya kwa kushoto, siku moja kamba moja, siku nyingine saba, na mtu akiniita siitiki. Kwamba walidhani namlilia ndugu yangu kwa namna yangu, kwa kuwa kwetu hakukukaliwa matanga, na nani angenikataza?

"Na maji?"

"Maji mimi siyajui. Pale darajani hukukanyaga mtoni, nilikuwa nakuangalia. Yalitoka tu ulipoishika kamba."

Nilifungua kiganja cha kushoto. Kilikuwa kimejaa malengelenge, mengine yamepasuka, na mstari mwekundu wa kamba umekatiza katikati. Mkono huo katika maisha yangu yote haujawahi hata kukata kitunguu.

Tulishusha mzigo, tukalala huko, asubuhi tukaanza kurudi. Tulipokaribia daraja dogo nilimwomba Mzee Breki asisimame, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakukanyaga breki. Simu ya mama mdogo ilinikuta njiani. Alisema mama amekata kauli tangu alfajiri, hanywi, hageuki, nifanye haraka.

Nilifika saa tisa mchana, na vumbi langu, na viatu sikuvivua. Chumba kilikuwa kimefungwa pazia. Mama mdogo alikuwa amekaa kwenye stuli akilowesha kitambaa kwenye bakuli na kumfuta mama midomo. Mama alikuwa mdogo kitandani, shuka limekaa juu yake kama limetandikwa bila mtu. Nilipiga magoti. Nilikuwa nimeyapanga maneno yangu njia nzima: mama, kamba zilikuwa mbichi, nilizifunga mimi. Nikanyoosha mkono wa kulia nimshike.

Mama aliuacha. Alipapasa shuka mpaka akaufikia wa kushoto, akaushika, akapitisha kidole gumba juu ya malengelenge, taratibu, moja baada ya jingine.

"Umekuja," alisema.

Kitambaa kilimponyoka mama mdogo kikaanguka kwenye bakuli.

"Nimekuja, mama," nilisema.

"Siyo wewe," mama alisema, bila ubaya wowote. "Wewe subiri kidogo." Akaubana ule mkono. "Ulikuwa wapi, baba?"

Hivyo ndivyo alivyokuwa akimwita Shoto tangu anyonye. Baba. Mimi hakuniita hivyo hata siku moja.

Ningeweza kuuvuta mkono. Niliogopa, nasema kweli, niliogopa kuliko pale kwenye mizani, na kila kitu mwilini kiliniambia uvute. Lakini alikuwa amemngoja miaka minane na zilikuwa zimebaki dakika. Sikuuvuta. Nikafungua mdomo niseme maneno yangu niliyoyapanga, na yaliyotoka hayakuwa hayo.

"Chini ya daraja dogo, mama. Upande ule maji yanapoingilia. Mizizi imenishika."

"Nao wanakutafuta mbali."

"Wananitafuta mbali."

"Kuna baridi?"

"Si sana."

Ilikuwa sauti yangu. Mama mdogo aliniapia baadaye kwamba ilikuwa sauti yangu tupu. Mimi nilikuwa naisikia kama unavyowasikia watu wanaozungumza chumba cha pili.

Kifua cha mama kilipanda, kikashuka. "Na dada yako?" aliuliza.

"Dada alifunga kamba mbichi. Niliposhika nilijua. Nikapanda mwenyewe, mama, hakunipandisha mtu. Nilizikaza zote, ya mwisho nilikuwa nimeshaifunga, naivuta kuijaribu, ikaniteleza mkononi nikaangukia mtoni."

Nilitaka kulia nikashindwa, kwa kuwa mdomo haukuwa wangu. Mama aligeuza uso wake, yale macho yasiyoona, akayatoa kwenye ule mkono akayaleta usoni pangu, na nikajua kwamba sasa anasema na mimi.

"Umesikia?"

"Nimesikia, mama." Hilo nililisema mimi.

"Basi."

Hakusema jingine. Aliushikilia mkono wa kushoto mpaka yeye mwenyewe alipouachia, kabla jua halijashuka, na mama mdogo akamfumba macho. Kiganja changu kilikuwa kimelowa mpaka kwenye kifundo.

Asubuhi yake Mzee Breki aliwachukua wapakiaji wanne, kamba na majembe. Sikwenda. Walishuka chini ya daraja dogo, wakapita upande maji yanapoingilia, ambako kwa wiki tatu za miaka minane iliyopita hakuna aliyechungulia. Nyuma ya mawe, ndani ya mizizi ya mti ulioota ukingoni, walimkuta. Mzee Breki alimfunika kwa turubai yeye mwenyewe na kumleta nyumbani, na njia nzima, waliniambia, aliendesha na mkono mmoja nje ya dirisha akiwaomba watu wapishe.

Tuliwazika siku moja. Yadi nzima ilikuja, hata tajiri, kasimama nyuma akiangalia viatu vyake. Walipomaliza kufukia nilisogea mbele. Hakuna aliyeniita, wala hakukuwa na ratiba ya mimi kusema.

"Kamba zilikuwa mbichi," nilisema. "Nilizisahau nje, mvua ikazinyeshea, nikazifunga hivyohivyo kwa kuwa niliona aibu. Shoto hakufanya kosa lolote. Nikanyamaza miaka minane mama yangu akiniuliza kila jioni."

Mzee Breki alivua kofia. Nilisubiri kidogo, nikiusikiliza mdomo wangu, nikadhani labda kuna neno litaongezeka, hata moja, hata ule mcheko wake wa puani. Nikarudia yote tangu mwanzo ili nihakikishe. Ilikuwa sauti yangu peke yangu, haina mtu mwingine ndani yake, na hapo ndipo nilipomlilia.